Injinia wa maji asiyejua pampu yake ilifungwa lini

Ukiniuliza meneja wa miradi ya maji, au wa barabara, au wa majengo ya serikali anatakiwa awe fundi wa nini kwanza, nitakwambia taarifa. Najua wengi watasema hiyo ni kazi ya watu wa IT au karani wa masijala, na hapo ndo tunapokosea, maana injinia anasoma chuo miaka minne kupiga hesabu za pampu halafu hakuna anayemfundisha kuandika kumbukumbu za hiyo pampu ili atakayemrithi ofisi azielewe.

Tuangalie data za vituo vya kuchotea maji Tanzania. Kazi kubwa ilifanyika kati ya 2011 na 2013, watu walizunguka vijijini na GPS wakaandika kituo kimoja kimoja, na kwa kweli naiheshimu sana ile kazi. Sehemu yake iko wazi mtandaoni, vituo 59,400, yeyote anaweza kushusha akaangalia. Vituo 22,824 vilikuwa havifanyi kazi kabisa na watu wengi wanaishia hapo hapo, ila mimi kinachoniuma zaidi ni kwamba vituo zaidi ya 20,000 mwaka wa kujengwa umeandikwa sifuri. Theluthi nzima hatujui vina umri gani! Halafu kuna zaidi ya 1,800, vya Mwanza na Shinyanga, GPS yake ni sifuri kwa sifuri, ukiviweka kwenye ramani vinatokea baharini Ghuba ya Guinea. Kwa waliojenga napo utakuta Government, Gover, Central government, na kompyuta inawahesabu kama watu tofauti.

Sasa cheki kitu kimoja. Aina ya pampu imejazwa vizuri, kama ni Nira, Afridev au India Mark II utaiona, na hiyo inasaidia kwa sababu fundi akitoka wilayani na vipuri vya Afridev akakuta Nira amepoteza siku na mafuta. Kwa nini aina imejazwa na mwaka haujajazwa? Aina unaiona kwa macho ukisimama pale kisimani. Mwaka huwezi kuuona, wala kina cha kisima huwezi kukiona, wala bomba lilipopita chini ya mashamba ya watu. Hivyo vinajulikana siku mkandarasi anakabidhi mradi, na visipoandikwa siku hiyo ndo basi tena, mkandarasi kaondoka na mzee aliyesimamia kafariki.

Na msidhani ni umaskini wetu tu. Flint, Michigan, huko Marekani, walibadilisha chanzo cha maji 2014 bila kuweka dawa ya kuzuia mabomba kuliwa na kutu, madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, yakaingia kwenye maji ya watoto. Ilipofika kung'oa mabomba ya risasi wakakuta kumbukumbu zao ni kadi za karatasi za miaka mingi, zingine za penseli, nyingi haziaminiki, ikabidi wachimbe kwa watu ili wajue, na maelfu ya nyumba walikuta bomba ni la shaba tu. Hebu fikiria hela iliyopotelea kwenye mashimo yale na watoto wa nyumba zingine walikuwa bado wanasubiri.

RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini Tanzania, ilipoanzishwa 2019 ilirithi miradi ya vijijini ya miaka na miaka, kwa hiyo hili ni jambo la leo. Na siamini dawa yake ni kununua mfumo mwingine mpya, mfumo utajazwa sifuri zile zile. Ninachotaka ni meneja mwenye ubavu wa kumwambia mkandarasi malipo ya mwisho hayatoki mpaka michoro ya mradi ulivyojengwa, GPS, mwaka, kina na aina ya pampu viwe mezani, kisha amtume mtu wake aende akahakikishe. Ajue kufungua eksel mwenyewe na kuona safu ipi ina mashimo, asisubiri ripoti. Na yule wa jumuiya ya watumia maji anayeandika matengenezo kwenye daftari arudishiwe kitu, akiandika pampu imekufa Jumatatu basi apigiwe simu aambiwe fundi anakuja lini, maana akiandika miezi sita hakuna anayemjibu ataacha kuandika, na mimi sitamlaumu.