Pevingi ukuta hadi ukuta, halafu unauliza ndege wako wapi

Jirani yangu kaleta fundi juzi, kakata mlonge, kang'oa mpapai, uwanja mzima kapiga pevingi. Sababu? Eti ndege wanalinyea gari. Na huyuhuyu ndo alikuwa ananionyesha kwenye simu kibanda cha kulishia ndege anachotaka kuagiza China akitundike barazani "nyumba ipendeze".

Jamani, ule mlonge ndo ulikuwa kibanda chenyewe! Ukichanua tu, chozi, vile vindege vinavyonyonya utamu wa maua, wamejaa toka asubuhi, dume akiwa juani kijani kinang'aa, akiingia kivulini mweusi tii. Jike mmoja alishawahi kujenga kwenye kamba yetu ya kuanikia, kiota kinaning'inia, kimefungwa kwa utando wa buibui, kimlango pembeni na juu yake kakipaa cha kuzuia mvua. Nguo tukahamishia kamba nyingine, yakaisha. Na msidhani makinda wanalelewa kwa utamu wa maua, wanalishwa vibuibui na vidudu, sasa wewe unayepuliza dawa bustani nzima kila jioni halafu unalalamika ndege wamehama, walitakiwa wale nini, pevingi?

Kumwaga wali ukutani nako ni kuita kunguru tu, wale wa shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wasafishe mji, taka mpaka leo zipo ila mayai ya ndege wenzao wanayamaliza.

Maji yanatosha. Sinia kuukuu, maji kina cha kidole, jiwe katikati, unabadilisha kila siku mbu wasizaliane. Ndege shore wataoga hapo mpaka ucheke. Paka wako mwangalie.

Haya, nakubali, mnana, wale ndege wanaofuma viota, wakihamia kwenye mnazi wako wanachana makuti yanabaki njiti, na kelele zao alfajiri hazijui Jumapili. Na gari litanyewa, ndio. Si linaoshwa? Mbona vumbi la barabara yetu hamjalikata na panga?

Mlonge ukipanda mbegu leo, mwakani hivi unaweza kuuona na maua. Kwahiyo fundi akija kwako mwambie akuachie hata mita mbili za udongo pale ukutani, na akikununia usijali, anachaji kwa mita ya mraba, hela inabaki mfukoni kwako.