Nani akague ruhusa za mafaili, draiva au seva?

Kuna stesheneri moja Mwanjelwa, Mbeya, huwa nawatengenezea mashine, wana seva ya Windows chumba cha nyuma na kompyuta tatu za Linux huku mbele, juzi dogo wa kaunta kanipigia, anasema folda ya kazi za wateja inafunguka fresh ila akisevu anaambiwa hana ruhusa, wakati akaunti tunayomauntia nayo (yaani kuunganishia folda la seva kwenye Linux) nimeipa mwenyewe haki ya kuandika.

Kisa ni kwamba Windows haina habari na rwx (alama za Linux za kusoma, kuandika na kuendesha faili), kwa hiyo draiva ya CIFS, ile ya Linux inayofungua mafolda ya seva ya Windows, inatunga, usipoiambia kitu inaonyesha kila faili ni la root (msimamizi mkuu wa mashine), 0755 (root tu anaandika, wengine wanasoma na kuendesha), halafu inauamini uongo wake na kumzuia dogo kabla ombi halijafika hata kwenye seva. Na chmod, amri ya kubadili ruhusa, ndo kituko kabisa: nimepiga chmod 600 (mwenye faili tu asome na kuandika) kwenye faili la mishahara, kimya, hamna kosa lolote, ls -l ya kuangalia ruhusa inaleta rwxr-xr-x vilevile, yaani 0755 ileile.

Wapo wanaosema weka noperm, draiva iache kukagua, mwenye mali ni seva. Sawa, ila maunti ya akaunti moja maana yake seva inamuona mtu mmoja tu, kumbe nyuma yake kuna dogo, mwanafunzi wa fildi, na yeyote aliyekaa kwenye kile kiti, sasa ukitoa ukaguzi wa draiva nani anawatenganisha?

Wengine wanakwambia cifsacl, draiva isome ACL yenyewe ya seva (orodha ya nani anaruhusiwa nini). Ruhusa zinakuwa za kweli kiasi, ila kila faili ni safari nyingine ya kwenda seva, na lile folda la pasipoti saizi za tangu mwaka juzi utalisubiri.

Kwa chmod mi naona ingekataa waziwazi. Najua cp -p na rsync za bekapu, amri za kunakili mafaili pamoja na ruhusa zake, zitapiga kelele usiku kucha, na hiyo hoja ina uzito, ila bora kelele kuliko kudhani mishahara imefichwa.

Pale nimeweka noperm mashine ya kaunta maana dogo yuko nayo peke yake, zile mbili za kuchangia nimeweka multiuser, kila mtu na nywila yake na ukaguzi unabaki kwa seva. Bosi kashaanza kulalamika, eti kuingiza nywila kila asubuhi na hii baridi vidole havifanyi kazi.