Jino Lililogoma Kung'aa

Harusi ni Jumamosi. Leo Alhamisi mchana, na bwana harusi ndiyo kwanza anakaa kwenye kiti chetu hapa Arusha akitaka meno meupe. Pembeni kasimama shangazi yake, mwenyekiti wa kamati, risiti mkononi. "Dokta, fanya unavyojua. Mimi nimeshalipa."

Dokta si mimi. Mimi ndiye nashika mrija wa kufyonza mate, kwa hiyo huwa nasikia yote. Dokta alieleza kwamba kazi hii hufanywa angalau wiki tatu kabla ya sherehe. Meno yenyewe yalikuwa ya kwetu huku, ya kahawia. Maji ya chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, sehemu nyingine inapita mbali kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, hadi miaka minane hivi, doa huingia kwenye jino lenyewe. Mswaki hautoi, mkaa hautoi, na limau ndiyo kabisa, linakula jino na kuliacha doa.

Halafu kulikuwa na jino la mbele, juu kulia. Alilivunja akiwa kijana kwa kuanguka na bodaboda, akavishwa kofia ya kauri. Fundi aliyeitengeneza alikuwa msanii haswa: aliilinganisha na majirani zake mpaka akaichorea mistari ya kahawia. Dokta akarudia mara mbili kwamba dawa haifanyi kazi kwenye kauri, wala kwenye kile kinachozibia jino.

"Likiona wenzake weupe litafuata," akasema bwana harusi.

"Litaona aibu," shangazi akaunga mkono. Fomu ikasainiwa.

Tukakwangua ugaga, tukapima rangi kwa vijino vya mfano: A4, giza la mwisho kwenye safu ya A. Midomo ikatanuliwa kwa plastiki, ufizi ukafunikwa kwa utomvu unaogandishwa na taa ya bluu, maana geli ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 35 hadi 40 ikigusa ufizi, unababuka mweupe na kuwaka. Dakika 15, fyonza, paka mpya. Raundi ya tatu miguu ikaanza kurusha mateke. Ni kawaida: peroksaidi inapenya mpaka karibu na neva, na maumivu ya namna hiyo huisha ndani ya siku chache.

Akapewa kioo. Kahawia ilikuwa imefifia kweli. Madoa meupe yalionekana zaidi ya mwanzo, lakini hayo hupungua jino likishanyonya tena unyevu. Na katikati ya weupe wote ule, kofia na mistari yake, haina aibu hata chembe. Asubuhi hakuna aliyejua kama ipo. Sasa hakikuonekana kingine.

Ijumaa akarudi. Sindano ya ganzi, kofia ikachanjwa kwa mashine, ikapasuliwa. Kwetu ya kauri haiwezekani kwa siku moja, na hata ingewezekana, rangi haichaguliwi kabla ya wiki mbili: weupe wa siku ya kwanza hurudi nyuma kidogo, na oksijeni iliyobaki ndani ya jino hudhoofisha gundi. Akavishwa ya muda, ya plastiki, kwa saruji dhaifu. Udhaifu ule ni wa makusudi, ili iweze kuvuliwa bila kuumiza kisiki cha jino. Masharti: siku mbili hakuna chai ya rangi, kahawa, soda nyeusi wala binzari, na mpaka kofia ya kudumu ije, using'ate kitu kwa meno ya mbele.

Tulialikwa. Keki ilipita salama, keki ni laini. Ndipo ikaingia ndafu, na MC akashika kipaza sauti: "Bwana harusi, tuonyeshe udume!" Akashika ubavu kwa mikono miwili, akavuta. Akang'oa nyama, nyama nayo ikamng'oa jino, likatua kwenye kachumbari.

Afadhali lilitoka. Likimezwa kwa kawaida hupita lenyewe, ila mtu akianza kukohoa na kukoroma kifuani, hiyo ni hospitali na eksirei.

Mjomba mmoja akachomoa supaglu. Dokta alimrukia. Supaglu inaunguza ufizi, na kofia ikigandia upande, kuitoa ni vita. Kijana akatumwa dukani kuleta dawa ya meno. Dokta akaiosha kofia kwa maji safi, akatia tone la dawa ndani, akakausha kisiki kwa tishu, akabandika. "Inatosha picha. Ukilala, vua, usije ukaivuta kooni."

Ndivyo bwana harusi alivyoingia fungate: bibi harusi kitandani, jino kwenye glasi.

Jumatatu tukaibandika upya. Ya kauri ilikuja mwezi uliofuata, rangi A2, meno yakiwa yametulia. Shangazi akaikagua kwa tochi ya simu, akaridhika, kisha akakaa yeye kwenye kiti. "Na mimi nipakeni hiyo geli."

Dokta akamwomba afungue mdomo. Seti nzima ya plastiki, juu na chini. "Shangazi, hayo vua usiku, sugua kwa mswaki laini na sabuni ya maji, lowesha."

"Na hela yangu?"

"Bado iko mkononi mwako, shangazi."