Bahari Haikuniponya Kigugumizi

Jina langu linaanza na B. Wenye kigugumizi wenzangu wameshaelewa. Wengine ngoja niwaeleze. B hufunga midomo, na yangu ikishafunga hapo haifunguki kwa amri yangu. Naweza kubaki na jina langu mwenyewe mdomoni, mishipa ya shingo imesimama, huku aliyeniuliza akinionea huruma au akitazama saa. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliwaambia watu naitwa Saidi. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniita Saidi.

Asiyekijua kigugumizi anadhani ni kule kurudiarudia mwanzo wa neno. Hicho ni kile kinachosikika. Kikubwa zaidi hakisikiki: maneno tunayoyakwepa. Nimekula wali maharage siku nyingi ambazo roho ilitaka biriani. Hapa Tanga nimelipa nauli ya daladala hadi Raskazone, kisha nikarudi kwa miguu, kwa sababu "Bombo", kituo nilichotaka kushuka, ilikataa kutoka. Kwenye usaili wa kazi katika ofisi moja niliombwa nijitambulishe, nikakwama kwenye "Ba", na mzee mmoja wa jopo, kwa nia njema kabisa, akanimalizia: "Bakari?" Nikaitikia kwa kichwa. Nikawa Bakari mpaka usaili ulipokwisha. Kazi sikuipata, lakini kilichoniuma njiani hakikuwa kazi. Kiliniuma kile kichwa nilichokitikisa.

Mwaka ule ndio nilianza kwenda baharini na mjomba wangu, kaka yake mama, mvuvi wa mshipi tangu ujana wake. Sitadanganya kwamba niliipenda bahari. Nilikwenda kwa sababu moja: kule hakuna anayeniuliza jina.

Tulitoka Sahare kwa ngalawa kabla ya alfajiri, tukisukumwa na umande, ule upepo wa usiku utokao bara. Kabla ya kutweka tanga tulisoma pamoja dua aliyoisoma Nabii Nuhu: Bismillahi majraha wa mursaha. Nilisoma bila kukwama hata herufi moja. Nikisema pamoja na wengine, au nikiimba, ulimi wangu hunyooka. Ndivyo ilivyo kwa karibu sisi sote, na wataalamu wa usemi wanalijua hilo. Chuoni nilikuwa hodari wa kuitikia na bubu wa kujibu, na ustadhi akaamini ni ukaidi.

Mshipi wenyewe hauna makuu. Ni uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha boya, chubwi, yaani uzito wa risasi, chini, ndoana mbili juu yake, na ngisi aliyekatwa vipande kuwa chambo. Unauachia mpaka chubwi ligonge mwamba, unauinua pima moja hivi, unaupitisha juu ya kidole cha shahada, kisha unanyamaza. Kuanzia hapo mtu mzima wote unakuwa kidole. Samaki aitwaye changu hudonoa, huacha, hudonoa tena. Chewa hana subira hiyo. Humeza na kukimbilia pangoni, na ukichelewa kumwinua, uzi utakatikia mwambani. Mkondo nao una mguso wake. Ndiyo maana mvuvi wa mshipi hupenda maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa sababu bamvua, yale maji makubwa yenye mkondo mkali, huulaza uzi upande na kidole hakijui tena kipi ni samaki na kipi ni maji.

Sikuwahi kuwa mahali pengine ambapo kusema hakuna bei na kusikiliza ndiko kunakolipa. Kutwa nzima tuliweza kusema maneno kumi. Mabega yangu, ambayo kwa miaka yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, yalishuka. Nilirudi nyumbani nimeungua jua, viganja vimekatwakatwa na nailoni, na nikalala usingizi nilioukosa tangu shule ya msingi. Mwenye kunyamazishwa na watu, akapata mahali ambapo kunyamaza ni kazi halali, hupumua. Hilo nalisema kwa moyo wote, na simlaumu mtu yeyote anayekwenda majini kwa sababu hiyo.

Lakini baadaye nilianza kwenda peke yangu, na hapo nikapotea njia.

Nikiwa peke yangu sina kigugumizi. Wengi wetu tuko hivyo: tukiongea wenyewe, au na mtoto mchanga, au na paka, maneno hutiririka. Nje ya kisiwa cha Ulenge, mnara wa taa ukiwa nyuma yangu na milima ya Usambara ikiwa mstari wa buluu kwa mbali, nilihutubia. Nilirudia ule usaili na kujibu kila swali. Nilitamka jina langu kwa sauti kubwa, mara kumi, mara hamsini, na B ikafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Nikajiambia: huyu ndiye mimi. Huyu wa majini, msemaji, ndiye mimi wa kweli, na yule wa nchi kavu ni kasoro iliyonigandia. Nilikaa na imani hiyo karibu miaka miwili. Kila nilipofunga ngalawa ufukweni nilihisi namwacha mtu mzuri ndani yake na kurudi mjini na mtu mbovu.

Leo naiona imani ile kuwa ilinidhuru kuliko kucheka kwa watu. Utulivu wa bahari ulikuwa kweli, ila niliutumia kujikataa kwa ustadi zaidi.

Aliyenitoa huko ni Mjomba, na sidhani kama alikusudia. Siku moja tulikuwa pamoja tena, nikataka kumwambia neno refu kuhusu mama na shamba la Pangani. Nikakwama. Kwa mara ya kwanza kigugumizi kikawa kimepanda chomboni na kukaa kati yetu. Nilikasirika, nikataka kuliacha neno. Mjomba hakusema "taratibu", hakusema "vuta pumzi", hakunimalizia. Alikaa vilevile anavyokaa akidonolewa: kichwa kimeinama kidogo, kidole kimetulia, hana haraka wala hana huruma usoni. Neno likatoka lilipotaka kutoka. Akalijibu lile nililolisema, la shamba, tukaendelea.

Baadaye nilimwuliza kwa nini hanimalizii maneno kama watu wengine. Akaniangalia kama niliyeuliza kwa nini maji yana chumvi.

"Mwanangu, mimi nitajuaje unachotaka kusema?"

Jibu hilo nimelibeba mpaka leo. Hakuniona mgonjwa wa kuhudumiwa. Aliniona mtu ambaye ana jambo, na jambo hilo yeye bado hajalijua. Na mimi niliyekuwa nikisema naye, nikikwama, shingo imekaza, nilikuwa mimi. Msemaji yule wa peke yake hakuwa na ukweli wowote wa ziada. Alikuwa tu mtu asiye na msikilizaji.

Nilirudi kwenye kisa nilichokijua tangu chuoni. Katika Sura ya Taha, Nabii Musa anapotumwa kwa Firauni, anaomba afunguliwe fundo lililo katika ulimi wake, "wapate kufahamu kauli yangu." Utotoni nilifundishwa kuisoma dua hiyo kama dawa, na nilinyweshwa makombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, mpaka meno yakawa ya njano. Nilipokuwa mtu mzima ndipo niliposikia walichoeleza wafasiri wa zamani: Musa hakuomba mafundo yote yaondoke. Aliomba fundo moja tu, kiasi cha kufahamika. Kwingine ndani ya Qurani Firauni anamdhihaki kwamba hawezi hata kusema waziwazi, na Musa mwenyewe anasema nduguye Harun ni fasaha kuliko yeye. Pamoja na hayo yote, aliyeitwa kusema na Mola wake ni Musa. Miaka yote nilikuwa nikiomba mafundo yote, kwa dua ya mtu aliyeomba moja.

Kwenye bati la ndoana la Mjomba kuna senti kumi ya tundu ya enzi za Mwingereza, jina la Mfalme George VI limezungushwa kwenye ukingo. Naye alikuwa na kigugumizi. Alitawala kuanzia 1936 hadi 1952, na sauti yake ilipita redioni hadi makoloni ya mbali, huku hotuba zake kubwa akiziandaa na Lionel Logue, Mwaustralia aliyeanza kumsaidia mwaka 1926. Hakupona, alijifunza kusema akiwa nacho. Mjomba hakuwa analijua hilo, na nilipomweleza aliigeuza ile senti mkononi kwa muda mrefu kabla ya kuirudisha kwenye bati.

Niseme na yale ninayoyajua kwa uhakika, maana kwetu uvumi ni mwingi. Kigugumizi hakisababishwi na woga, wala mtoto hakukipata kwa kutekenywa au kwa kumwiga jirani. Woga huja baadaye, kwa tunavyotendewa. Asili yake iko katika jinsi ubongo unavyopanga na kuendesha usemi, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Karibu mtu mmoja katika kila mia anacho, wanaume wengi kuliko wanawake. Watoto wadogo wanaopitia hali hiyo ni wengi zaidi, na wengi wao huiacha wenyewe. Tiba ya usemi husaidia na sisemi mtu asiitafute. Wataalamu wake nchini ni wachache mno na wako kwenye miji mikubwa, jambo linaloniumiza ninapofikiria watoto wa vijiji kama Kigombe na Mwarongo. Ila kwa wengi wetu watu wazima, tiba inatufundisha kukwama bila kupigana na kukwama.

Siku niliyoacha kuwa Saidi ilikuwa Deep Sea, mnadani. Mjomba aliumwa mgongo, ikabidi samaki niwapeleke mwenyewe: changu, kolekole wawili na chewa mmoja wa kilo kama sita. Dalali akauliza, mali ya nani. Saidi alikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Nikamwacha hapo. Nikaanza B. Ikafunga. Kijana mmoja nyuma akacheka, mwingine akaniiga. Joto lilinipanda mpaka masikioni na nikasikia wazi mapigo ya moyo wangu. Mama mmoja mnunuzi, ambaye huwa simwoni akitulia mahali, akaweka ndoo yake chini, akasema, "Muacheni aseme, kwani samaki wana miguu?"

"Ba-ba-ba... Badru."

Dalali akarudia, "Mali ya Badru," kwa sauti ileile anayowataja wengine wote, akaanza kunadi. Bei haikuwa mbaya. Nilitoka nje, nikakaa juu ya ubavu wa dau lililopinduliwa, mikono inatetemeka, na nililia. Sikulia kwa aibu. Nilikuwa nimesikia jina langu likitajwa hadharani baada ya mimi mwenyewe kulisema vibaya, na likabaki jina langu.

Ninaandika haya sasa kwa sababu mwanangu ana miaka sita, na tangu mwaka jana ameanza kukwama. Huenda kitaondoka, huenda hakitaondoka. Usiku wa kwanza nilioitambua ile "ki-ki-ki" yake sikulala, na nilijikuta namwombea ile dua yangu ya zamani, ya mafundo yote. Bado namwombea. Moyo wa mzazi haufuati anachokiamini mchana. Lakini nimekwenda shuleni kwake, nikamwomba mwalimu asimruke zamu ya kusoma na asimkimbize. Nimewaomba bibi na shangazi zake waache kumwambia "pole pole, baba," maana mtoto anayeambiwa hivyo kila saa hujifunza jambo moja tu, kwamba anavyosema kunawasumbua wakubwa. Na nawaomba ninyi mnaosoma: mkikutana na mmoja wetu, dukani, kazini, kwenye simu, msimmalizie neno. Hamlijui. Mtazameni kama mlivyokuwa mkimtazama kabla hajakwama, na mngoje.

Jumamosi iliyopita nilikwenda naye, hatukufika mbali, ndani ya ghuba tu ambako maji hayana nguvu. Nilimpa mshipi mfupi wenye ndoana moja, nikamwonyesha pa kuuweka kwenye kidole. Tulikaa. Jua likapanda. Kisha akanigeukia, macho yamemtoka, akaanza: "Baba, ch..." Ikafunga. Wakati huohuo uzi wangu ukadonolewa, mara moja, mara ya pili, kisha ukavutwa kwa nguvu. Alikuwa mkubwa, nilimjua kwa uzito wake. Sikuuinua. Nilimtazama mwanangu, kichwa nimekiinamisha kidogo.

"Ch-ch... chambo changu kimeliwa."

Nikamkatia kingine.