Jina la Nyangumi Lina Kazi Gani?

Mtoto wa nyangumi muuaji akionekana kwa mara ya kwanza katika Bahari ya Salish, mpakani mwa Marekani na Kanada, huandikwa kwa namba. Jina husubiri hadi avuke mwaka wake wa kwanza, kwa sababu wengi hawauvuki. Wanaolitoa ni The Whale Museum, makumbusho madogo yaliyofunguliwa mwaka 1979 katika mji wa Friday Harbor, kisiwani San Juan, jimbo la Washington. Watu hupiga kura kuchagua jina, na kuanzia hapo yeyote anaweza kulipa ada "akamwasili" nyangumi huyo, akapewa picha yake na habari za ukoo wake.

Wapo wanaoutazama utaratibu huu kwa shaka, na si watu wa kupuuza. Wanasema jina humgeuza mnyama wa porini kuwa kama mnyama wa nyumbani: watu humlilia mmoja, wakasahau kinachowaua wote. Nyangumi wanaozungumziwa hapa, wanaoitwa wakazi wa kusini, hula samaki, na chakula chao kikuu ni samoni aina ya chinook. Chinook amepungua kwa sababu ya mabwawa, mito iliyoharibiwa na uvuvi wa miaka mingi. Jina halimlishi nyangumi mwenye njaa.

Hoja hiyo ina takwimu nzito nyuma yake, na nimeirudia mara nyingi kila ninapolifikiria suala hili. Katikati ya miaka ya 1970 wakazi wa kusini walikuwa 70 hivi. Wakapanda hadi 98 mwaka 1995, kisha wakaporomoka, na leo wako tena sabini na kitu. Karibu nusu karne ya kupendwa na kuandikwa kwenye mashati na mabango, na hesabu imerudi ilipoanzia. Baya zaidi, katika maji hayohayo kuna nyangumi wauaji wa kundi jingine, wanaokula sili. Hao wameongezeka hadi kupita 300. Sili walilindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1972, wakazaana, na waliokuwa wakiwala wakapata chakula. Mwenye shaka atauliza: huoni kwamba kilichowaokoa wale ni chakula tu?

Naona. Lakini nauliza pia: tulijuaje?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa pwani ile waliamini nyangumi wauaji ni wengi kupindukia. Wavuvi waliwapiga risasi, na wafanyabiashara waliwafungia kwa nyavu wakawauza kwa bustani za maonyesho ya wanyama wa baharini. Walipendelea watoto, kwa kuwa ni rahisi kuwasafirisha. Zaidi ya 40 walichukuliwa au kufa katika misako hiyo. Hapo ndipo mtafiti wa Kanada, Michael Bigg, na wenzake walipogundua jambo ambalo leo linaonekana dogo: kila nyangumi anajulikana kwa sura. Nyuma ya pezi la mgongoni ana baka la kijivu, kama tandiko la farasi, na hakuna wawili wanaofanana. Huyu baka lake limekatwa na mstari mweusi, yule pezi lake lina pengo karibu na ncha. Picha moja safi ya ubavu inatosha kusema ni nani. Walipohesabiwa kwa sura, mmoja mmoja, ule "wingi kupindukia" ukayeyuka. Misako katika jimbo la Washington ilikoma mwaka 1976, na mwaka huohuo mtafiti Ken Balcomb akaanza sensa ya nyangumi hao upande wa Marekani.

Ni sensa ya aina hiyo iliyotuambia habari ya chinook. Mtafiti John Ford na wenzake walipolinganisha vifo vya nyangumi na wingi wa samoni, waliona kwamba miaka ya chinook haba ndiyo miaka ya vifo vingi. Utafiti huo usingewezekana kama nyangumi wangekuwa "kundi" tu. Ilibidi mtu ajue nani hakurudi mwaka gani, alikuwa mwana wa nani, na umri wake. Yaani hata wanaosema "acheni majina, zungumzieni samaki" wanatumia ushahidi uliopatikana kwa kumtambua kila mmoja. Wapo watakaosema namba zingetosha, na kwa mtafiti zinatosha kweli. Lakini sensa inayofanywa kila mwaka kwa miongo mitano inahitaji watu wa kuijali, na sijawahi kumwona mtu anayeuliza kwa wasiwasi kama namba fulani imerudi salama.

Julai 2018 nyangumi J35, jina lake Tahlequah, alizaa mtoto aliyeishi kama nusu saa. Mama akamweka juu ya kichwa. Kila mwili ulipoteleza akazama kuufuata, akauinua tena, akaendelea. Alifanya hivyo siku 17, karibu kilomita 1,600. Mtoto yule hakuwahi kupata jina. Mama alikuwa nalo, na waliomjua walijua pia kwamba ana mwana mkubwa, Notch. Dunia nzima ilimfuata. Mwenye shaka anaita hiyo hisia tupu. Mimi naona ndipo watu wengi waliposikia kwa mara ya kwanza neno chinook.

Makumbusho yenyewe hayajaishia kwenye mifupa iliyoning'inizwa ghorofani. Tangu mwaka 1993 mashua yao ya Soundwatch huwafuata manahodha wa boti za watalii na watu binafsi, ikiwaeleza namna ya kukaa mbali. Kelele za injini humfunika nyangumi anayewinda kwa mwangwi. Kuanzia mwaka 2025 sheria ya Washington inazitaka boti zikae mbali na wakazi wa kusini kwa mita 900 hivi. Sidai kwamba makumbusho ndiyo yaliyoileta sheria hiyo. Nasema tu kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanyika majini miaka mingi kabla yake.

Mwisho wa mwaka 2024 Tahlequah alizaa tena, mtoto wa kike, J61. Akafa baada ya siku chache, na mama akambeba tena. Mabwawa manne katika sehemu ya chini ya mto Snake, jimboni Washington, ambayo watetezi wa samoni wamedai kwa miaka yabomolewe, bado yapo. Hapo wenye shaka wana haki kamili: mapenzi yamefika hadi kwa mama na kugota kwenye ukuta wa bwawa. Kwa hiyo, badala ya kuyaondoa majina, ningependa kila anayemwasili nyangumi apewe, pamoja na picha ya pezi, orodha ya ndugu wa huyo nyangumi waliokufa, na pembeni ya kila mmoja hali ya chinook mwaka ule. J61 naye awemo, kwa namba yake.