Uzi Imara Hautoshi: Tulitazame Fundo

Madaktari wa mifupa hapa Uganda wanapozungumzia upasuaji wa viungo kwa matundu madogo, swali la kwanza mara nyingi huwa la uzi: ni wa aina gani, na unastahimili mvuto kiasi gani. Ni swali la haki, lakini naamini tunalipa uzito kupita kiasi, kwa sababu uzi wa siku hizi ni mgumu kukatika, ilhali fundo lililofungwa vibaya huteleza hata kama uzi wenyewe ungeweza kuhimili mvuto mkubwa zaidi.

Tuchukue kano ya bega iliyochanika, jeraha linaloweza kumpata dereva au abiria wa bodaboda aliyeangukia mkono. Mpasuaji hukaza nanga ndogo kwenye mfupa, hupitisha nyuzi zake katika kano, kisha hufunga fundo nje ya mwili na kulisukuma kwa kifaa chembamba kupitia kanula, yaani bomba jembamba lililopenyezwa kwenye ngozi, hadi ndani ya kiungo kilichojazwa maji ya chumvi. Katika upasuaji wa wazi, mikono miwili huvuta ncha mbili kuelekea pande tofauti kwa nguvu sawa, na fundo la mraba hukaa lilivyokusudiwa. Kwenye kanula ncha zote mbili hutokea upande mmoja, na mvuto ukizidi kidogo tu kwenye ncha moja, ncha hiyo hunyooka na ile nyingine hubaki imeizunguka, hivyo kinachoonekana kwenye skrini kama fundo la mraba huwa kwa kweli ni nusu fundo (kila moja ni mzunguko mmoja tu wa uzi kwenye uzi mwingine) zilizopangana juu ya uzi ulionyooka, tayari kuteleza.

Mpasuaji wa Marekani, Stephen Burkhart, pamoja na wenzake, walitufundisha kutenganisha mambo mawili: usalama wa kitanzi, yaani jinsi kitanzi kinavyoendelea kuibana kano wakati fundo linapokamilishwa, na usalama wa fundo, yaani uwezo wake wa kutoteleza linapovutwa. Fundo linaweza kuwa gumu kama jiwe huku kitanzi kikiwa kimelegea, na hapo kano haikugusa mfupa tangu mwanzo. Katika maabara, kitanzi kikilegea kwa milimita 3 kwa kawaida huhesabiwa kuwa kimeshindwa, na naomba wanafunzi wetu wakitazame kipimo hicho kwenye rula, maana ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani.

Mafundo ya kuteleza, yaani yale yanayofungwa nje na kutelezeshwa juu ya uzi hadi kwenye kano, kama lile la Duncan ambalo wavuvi pia hulitumia, husaidia kukibana kitanzi vizuri, lakini lazima yafungiwe kwa nusu fundo zisizopungua tatu, kila moja ikigeuzwa mwelekeo na ncha inayobeba mvuto ikibadilishwa. Kubadilisha ncha huchukua sekunde chache tu, na ndiyo hatua ambayo mtu aliyechoka huiruka. Tena nyuzi mpya za polithilini, zenye nguvu kuliko zile za poliesta, kwa kawaida huwa na utelezi zaidi, kwa hiyo anayenunua uzi imara akitarajia kwamba sasa anaweza kupunguza nusu fundo amelielewa jambo kinyume kabisa.

Zipo nanga zisizohitaji fundo, na sizipingi. Huondoa uvimbe wa fundo unaoweza kusugua gegedu, na hufupisha kazi. Hata hivyo mzigo huhamia kwenye mshiko wa nanga ndani ya mfupa, na bei yake huweza kumshinda mgonjwa wetu. Aliyetoka Arua au Kabale, akavaa mkanda wa mkono kwa takriban wiki sita bila kwenda shambani wala kazini, hana fedha ya kufanyiwa upasuaji wa pili kwa sababu fundo lilifunguka.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa vyuo vyetu, Makerere na Mbarara vikiwemo, ni hili: kila anayesomea upasuaji wa mifupa achague fundo moja la kuteleza na fundo moja lisiloteleza, alifunge kila moja kupitia bomba ndani ya sanduku lililofunikwa, nyuzi zikiwa zimeloweshwa, kisha tuning'inize uzito na kupima kitanzi kimefunguka kiasi gani. Sanduku, bomba, rula na nyuzi zilizopita muda wake vinapatikana hata katika hospitali isiyo na maabara, na matokeo yaandikwe kwenye daftari la mafunzo kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kufunga fundo ndani ya bega la mtu.