403 na ushauri wa 777

Hakuna kinachoudhi kama hiki: Nginx, programu inayotoa kurasa za tovuti, inafanya kazi, systemctl (amri ya kukagua huduma za Linux) inasema mambo shwari, poti 80, mlango wa wavuti, iko wazi, halafu kivinjari kinakutupia 403, yaani umekatazwa kuingia. Faili lipo, unaliona kwa macho yako! Haya, uliza. Jibu la kwanza, bila hata salamu: "Piga chmod 777." Hiyo ni amri ya kubadili ruhusa za faili. Yaani kila mtumiaji wa mashine aruhusiwe kusoma, kuandika na kuendesha faili hilo, eti ukurasa mmoja ufunguke. Na mara nyingi haufunguki ng'o, maana kizuizi kiko juu zaidi: www-data, mtumiaji ambaye Nginx inatumia jina lake, hana ruhusa ya kupita kwenye folda mama, ile ya kwako chini ya /home. Ni x moja tu, alama ya ruhusa hiyo ya kupita, imekosekana! Mbona mafunzo ya wanaoanza hayaitaji? Yanajaza kurasa kueleza usakinishaji, kazi ya amri moja.